Kivu: Wanafunzi wa kilimo wanahesabu maganda ya maharage, lakini hesabu hiyo inamwambia nini mkulima?

Kila msimu, kwenye mashamba ya Kabare, Walungu au Lubero, huonekana vijana wenye daftari, rula na mizani ndogo. Ni wanafunzi wa agronomia wanaoandaa kazi yao ya kumaliza masomo, ile ambayo wengi wanaiita TFC. Wanapima urefu wa mmea, wanahesabu maganda, wanafungua ganda na kuhesabu punje, kisha wanapima uzito wa mavuno. Mwishoni wanajibu swali moja: ni sifa gani ya mmea inayoendana na mavuno mengi?

Swali hilo haliishii chuoni. Kulingana na ripoti ya IPC ya Machi 2025, watu karibu milioni 28 nchini RDC walikuwa katika upungufu mkubwa wa chakula. Goma ilichukuliwa na AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, wakati ambapo wakulima wa Kivu huanza kupanda maharage ya msimu B. Familia iliyobaki na kilo chache za mbegu haina nafasi ya kujaribu mara mbili. Kama mbegu ilichaguliwa kwa sababu isiyo sahihi, ni hiyo familia itakayolala njaa, si yule aliyeandika ripoti.

Ndiyo maana inafaa kuuliza kazi hizi zinasema nini kweli. Zina faida kubwa, lakini mara nyingi husomwa kana kwamba zimethibitisha kile ambacho zimegusia tu.

Kuendana si kusababisha

Chombo kinachotumika zaidi katika kazi hizi ni kipimo cha uhusiano, kinachoandikwa kwa herufi r. Kinaanzia -1 hadi 1. Kikikaribia 1, vitu viwili vinapanda pamoja. Kikikaribia -1, kimoja kinapanda kingine kikishuka. Kikiwa karibu na 0, hakuna mwendo wa pamoja unaoonekana. Mwanafunzi akipata 0,6 kati ya idadi ya maganda na mavuno, haraka anaandika kwamba maganda mengi yanaleta mavuno, na kwamba wakulima wachague mbegu yenye maganda mengi.

Lakini mkulima yeyote wa Kivu anajua tofauti ya shamba la nyuma ya nyumba na lile la mlimani. La nyuma ya nyumba linapata samadi, majivu na mabaki ya jikoni. Humo mmea unarefuka, maganda yanaongezeka na punje zinajaa. Kule mlimani, ambako mvua imebeba udongo, kila kitu kinapungua kwa pamoja. Ukipima mashamba hayo mawili utaona urefu, maganda na mavuno vinaendana vizuri sana. Hata hivyo si urefu ulioleta mavuno. Udongo ndio ulioleta vyote viwili. Anayechukua mbegu ndefu na kuipeleka mlimani ataletewa jibu na mlima wenyewe.

Hata pale udongo ulipo sawa, mmea una namna yake ya kugawa nguvu. Mwaka 1967, mtafiti wa Marekani M. W. Adams alieleza jambo hili kwa kutumia maharage: sehemu zinazounda mavuno, yaani idadi ya maganda, punje katika ganda na uzito wa punje, hufidiana. Maganda yakizidi, mara nyingi punje hupungua au huwa ndogo, kwa sababu chakula cha mmea ni kilekile na walaji wameongezeka. Kwa hiyo mbegu iliyochaguliwa kwa wingi wa maganda peke yake inaweza kurudisha mavuno yaleyale, ila ya punje ndogo ambazo sokoni hazipendwi.

Mimea 300 si mbegu 300

Tatizo la pili liko kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyelinganisha aina 10 za maharage, kila aina katika vipande 3 vya shamba, na katika kila kipande akapima mimea 10. Ana mistari 300 katika daftari lake. Kwa mistari 300, hata uhusiano mdogo wa 0,12 unapita mtihani wa kawaida wa takwimu, ule wa asilimia 5. Kwa vipande 30, unahitajika uhusiano wa karibu 0,36. Na kwa aina 10, unahitajika 0,63.

Ni ipi ya kutumia? Kama swali ni aina gani ya mbegu ichaguliwe, basi kinacholinganishwa ni aina, na aina ziko 10 tu. Mimea 30 ya aina moja ni ndugu wa tumbo moja: inasaidia kuijua vizuri familia hiyo, lakini haigeuki kuwa familia 30. Uhusiano wa 0,5 ambao ukurasa wa TFC unautangaza kuwa wa hakika unaweza kukosa hakika kabisa ukihesabiwa inavyopaswa.

Kuna mtego mwingine. Anayepima sifa 10 na kuzilinganisha zote, mbili kwa mbili, anapata jozi 45. Hata kama hakuna uhusiano wowote wa kweli, kwa kipimo cha asilimia 5 atakuta jozi kama mbili zimepita kwa bahati tu. Akiziandika hizo mbili na kuzinyamazia zile 43, msomaji atadhani ni ugunduzi.

Wapo wanafunzi wanaoenda mbali zaidi na kutumia uchambuzi wa njia, mbinu iliyotoka kwa Mmarekani Sewall Wright, ambaye mwaka 1921 aliandika kuhusu tofauti ya uhusiano na chanzo. Mbinu hiyo inasaidia kutenganisha mchango wa moja kwa moja wa sifa fulani na ule unaopitia kwa sifa nyingine. Lakini mishale kwenye mchoro, inayoonyesha nini kinasababisha nini, inachorwa na mtafiti mwenyewe kabla ya kuanza. Kompyuta inahesabu uzito wa mishale. Haisemi kama imechorwa vizuri.

Mfano kutoka ng'ambo ya Ruzizi

Inawezekana kutoka kwenye uhusiano hadi kwenye uthibitisho? Ndiyo, na mfano mzuri hauko mbali, tena ni wa maharage.

Huko Huye, kusini mwa Rwanda, watafiti walitaka kujua kama maharage yenye madini mengi ya chuma yanaongeza kweli chuma katika damu. Wangeweza kuuliza watu wanakula nini na kuwapima. Lakini anayekula maharage bora anaweza pia kuwa na nyama na matunda nyumbani, na hapo usingejua ni nini kimesaidia. Walichofanya ni kuchukua wanafunzi wanawake 195 wa chuo kikuu waliokuwa na akiba ndogo ya chuma mwilini, na kuwagawa kwa kura. Kundi moja lilikula maharage ya miligramu 86 za chuma kwa kilo, lingine ya kawaida ya miligramu 50, kwa siku 128. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliokula maharage yenye chuma nyingi walipanda zaidi, kwa himoglobini na kwa akiba ya chuma.

Hapo sifa ya mbegu na matokeo yake vimeunganishwa kwa jaribio lililoondoa visingizio vingine. Ni kazi ya gharama, na mwanafunzi ambaye shamba lake linalipiwa na wazazi hawezi kuifanya peke yake. Lakini kanuni yake inawezekana hata Kabare: kama unasema sifa fulani ndiyo chanzo, ibadilishe hiyo, acha mengine yabaki sawa, gawa vipande kwa kura, kisha pima.

Sifa zisizoandikwa daftarini

Kuna jambo lingine ambalo mizani haioni. Mama anayenunua maharage kwa kikombe sokoni anauliza kama yanaiva haraka, kwa sababu makala ni ghali. Mkulima anauliza kama aina hiyo inahitaji miti ya kupandia, maana maharage marefu yanayozaa vizuri hayafai kitu pale ambapo miti imekwisha. Wengine wanataka majani yanayolika kabla ya mavuno. Sifa hizi nazo zina matokeo: ndizo zinazoamua kama mbegu itapandwa tena mwaka ujao au itapikwa yote. Mwanafunzi anayeziacha anaweza kupata hesabu safi kuhusu mbegu ambayo hakuna anayeitaka.

Kinachoweza kufanyika

Msimu mmoja katika shamba moja unaeleza msimu huo na shamba hilo. Mulungu, penye kituo cha INERA, iko karibu mita 1.700 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Ruzizi uko chini sana ya hapo, na joto lake ni lingine. Aina inayoshinda kule inaweza kushindwa huku.

Dawa haihitaji pesa nyingi. Wasimamizi wa kitivo kimoja wakikubaliana, wanafunzi 5 wanaweza kupanda aina zilezile, kwa vipimo vilevile, katika vijiji 5 vya miinuko tofauti, na wanafunzi wa mwaka unaofuata wakarudia. Hapo TFC tano zilizokuwa zinapingana zinakuwa jaribio moja lenye nguvu. Daftari za vipimo zihifadhiwe pamoja na kazi iliyofungwa, ili mwingine aweze kuhesabu upya. Shamba lililoharibika kwa mvua ya mawe, kwa kuoza mizizi au kwa sababu mwenye nalo alikimbia vita liandikwe pia, maana likifutwa zinabaki zile aina zilizobahatika tu. Na kabla ya kuandika kwamba mkulima achague mbegu hii, mwanafunzi arudi kijini na kumuuliza mkulima huyo kama angeipanda.

Wanafunzi hawa hufika mashambani ambako watafiti wakubwa hawafiki, hasa katika miaka hii ambapo barabara nyingi hazipitiki kwa usalama. Hesabu zao zikiunganishwa, huenda zikawa kumbukumbu bora zaidi ya mbegu za Kivu. Kila moja ikiachwa peke yake kwenye rafu, au mbaya zaidi ikichukuliwa peke yake kama ushauri, maganda yatakuwa yamehesabiwa bure.