Juhudi Haikumpungukia Vivien Thomas

Msimu wa mahafali unapowadia, si ajabu mgeni rasmi kusimama jukwaani akawasimulia vijana wetu habari za Mmarekani mweusi aliyezaliwa katika ufukara, akabaguliwa kwa rangi yake, na hata hivyo akawa mwanasayansi wa kutajika. Simulizi hufungwa kwa hitimisho lile lile: yeye aliweza, basi nanyi hamna kisingizio. Ukumbi hupiga makofi. Mimi nimeyasikiliza maneno hayo kwa miaka mingi nikiwa nimevaa joho, na leo naomba kusema waziwazi: hitimisho hilo ni la uongo, tena uongo wenye madhara.

Tumtazame Vivien Thomas. Alizaliwa mwaka 1910, akakulia Nashville katika jimbo la Tennessee. Baba yake alikuwa seremala, naye akajifunza kazi hiyo tangu utotoni. Alidunduliza fedha akitumaini kusoma chuo na hatimaye kuwa daktari. Ndipo ukaja mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929: kazi ikakatika, na akiba yake ikapotea benki zilipofilisika. Mwaka 1930 aliajiriwa katika maabara ya daktari Alfred Blalock, Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Humo alijifunza upasuaji na fiziolojia kwa vitendo, mpaka akawa anaendesha mwenyewe majaribio kuhusu mshtuko unaowaua majeruhi. Hata hivyo, katika orodha ya mishahara aliandikwa kuwa mfagizi, na akalipwa kama mfagizi.

Mwaka 1941 Blalock alihamia Johns Hopkins, Baltimore, akamtaka Thomas aende naye. Hospitali hiyo iliwatenga watu kwa rangi, na mtu mweusi aliyepita akiwa amevaa koti jeupe la maabara aliwafanya watu wasimame kumtazama. Huko ndiko daktari Helen Taussig alikowapelekea tatizo la watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo iliyoinyima damu yao oksijeni, midomo na kucha zao zikawa za buluu. Thomas ndiye aliyelishughulikia maabarani, akiwapasua mbwa takriban 200. Kwanza alitafuta namna ya kusababisha hali kama ile, kisha namna ya kuitibu: kuuunganisha mshipa uendao mkononi na ule uendao mapafuni, ili damu ipate njia nyingine ya kufuata hewa.

Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipompasua mtoto wa kwanza, Thomas alisimama juu ya kibao nyuma ya bega lake, akimwelekeza. Hakuwa mtazamaji. Mikono iliyoizoea kazi ile ilikuwa yake. Mwaka uliofuata, makala iliyoutangazia ulimwengu mafanikio hayo ilitoka ikiwa na majina mawili, la Blalock na la Taussig. Thomas hakutajwa hata kwa shukrani. Wapasuaji vijana waliendelea kujifunza kwake maabarani, naye, ili kuongeza kipato, alihudumu vinywaji katika karamu za bosi wake, akiwamiminia watu wale wale aliowafundisha mchana.

Nitaambiwa: lakini mwishowe alishinda. Ni kweli kwamba mwaka 1971 picha yake ilitundikwa Johns Hopkins, na mwaka 1976 chuo hicho kikamtunuku shahada ya heshima. Hebu tuhesabu. Kutoka 1944 hadi 1976 ni miaka 32. Tena shahada yenyewe ilikuwa ya sheria, si ya udaktari. Miaka ya 1940 alipoulizia nafasi ya kusoma chuo, alikuta kwamba angelazimika kuanza mwaka wa kwanza, kana kwamba yote aliyoyafanya hayakuwa elimu. Alipiga hesabu akaona angekuwa na umri wa miaka 50 kabla ya kuwa daktari, akaliacha wazo hilo. Sikatai kwamba Blalock alimtetea akaongezewa mshahara. Lakini haki inayongoja hisani ya bwana mkubwa si haki. Ni fadhila, na fadhila huweza kukoma wakati wowote.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Thomas alichumia juani. Kivulini walitangulia kula wengine. Niambieni basi, ni juhudi ipi aliyopungukiwa? Maisha yake hayathibitishi kwamba bidii hushinda ubaguzi. Yanathibitisha kwamba taasisi yaweza kuitumia bidii ya mtu kwa miongo kadhaa huku ikimnyima jina. Nasi tunamjua kwa sababu mtu mmoja mwenye madaraka aliihitaji mikono yake. Maseremala wengine wenye vipaji, waliopoteza akiba zao na wasipate maabara ya kuingia, hawatajwi jukwaani, kwa kuwa hatuna majina yao.

Tusidhani haya ni ya Marekani peke yake. Vyuoni kwetu hatumwandiki mtu mfagizi kwa sababu ya rangi, lakini tuna ngazi zetu. Niliwahi kufanya utafiti pamoja na fundi wa maabara aliyekosa kuendelea na masomo kwa sababu ya ada. Vipimo vilipokataa, yeye ndiye aliyegundua kosa lilipokuwa, na kosa lilikuwa langu. Makala ilipotoka, jina lake halikuwamo. Nilijiambia kwamba huo ndio utaratibu. Nadhani hata waandishi wa makala ile ya 1945 walijiambia hivyo hivyo.

Kwa hiyo, wageni rasmi wa mahafali, kabla ya kumwambia mtoto wa mkulima kwamba hana kisingizio, waulizeni kwanza wakuu wa vyuo waliokaa pembeni yenu. Je, fundi aliyetumikia maabara miaka 15 ana njia ya kupata shahada bila kuanza upya kama mtoto? Je, aliyefanya kazi anaandikwa kwenye kazi? Je, aliyefaulu akakosa ada anarudishwa nyumbani? Majibu yakiwa ya aibu, isemeni aibu hiyo mbele ya ukumbi.

Nami nina langu la kutekeleza. Makala inayofuata kutoka maabara yetu itakuwa na jina la fundi yule miongoni mwa waandishi. Halitafuta lililopita. Lakini nitakapovaa tena joho na kusikiliza hotuba ile, walau nitajua kwamba sikumngoja mtu afikishe miaka 32.