Volkswagen ya Marehemu Baba, na Hesabu Ambayo Hatukuipiga

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nina jambo la gari, na limenikaa rohoni miaka mitatu sasa.

Marehemu baba alituachia Volkswagen Beetle, zile za mgongo kama kobe. Ilikuwa imeegeshwa chini ya mwembe nyumbani Tanga, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Baada ya arobaini kaka akasema, "Gari la mzee haliuzwi. Tunalifufua." Wote tukaitikia. Mama peke yake ndiye aliyenyamaza.

Wakati huohuo kuna jamaa alikuwa anauza ya kwake, aina ileile, imeshakarabatiwa na inatembea, kwa shilingi milioni 9. Tukamcheka. Milioni 9 kwa gari la zamani? Sisi tukajipangia milioni 4. Leo tumefika milioni 11 na ushee, na gari la mzee bado liko gereji, halina hata viti.

Tulikosea wapi? Wengi mtadhani ni injini. Hapana. Injini ya Beetle inapozwa kwa upepo, haina rejeta, na imeshikiliwa na bolti 4 tu. Fundi aliishusha asubuhi kabla ya chai. Spea nazo zinapatikana: Beetle zilitengenezwa 21,529,464, ya mwisho ikatoka kiwandani Mexico Julai 2003, kwa hiyo bado kuna viwanda vinavyozichongea vipuri. Injini yote ilitugharimu milioni moja na nusu.

Kilichotumaliza ni bati. Betri ya Beetle inakaa chini ya kiti cha nyuma. Tindikali ikivuja na maji yakiingia, sakafu inaliwa kimyakimya. Halafu kuna ile mihimili ya pembeni, chini ya milango, inayopitisha hewa ya moto ya kupasha joto ndani. Tanga nani anataka joto? Lakini mihimili hiyo ndiyo inayoipa bodi nguvu, na ya kwetu ilikuwa imebaki rangi tu, chuma hakuna. Ongeza upepo wa chumvi wa bahari, utaelewa. Kila tundu tulilofungua lilizaa jingine. Fundi bodi akaniambia, "Mdogo wangu, kutu unayoiona kwa nje ni salamu tu. Mwenyewe yuko ndani."

Sasa nije kwenye hoja yangu. Gari lililokwisha kukarabatiwa mara nyingi huuzwa chini ya gharama iliyotumika kulitengeneza. Si kwa sababu muuzaji ni mjinga. Ni kwa sababu mnunuzi analipia gari tu, halipii makosa. Halipii fundi wa kwanza aliyeharibu, spea iliyokuja siyo, wala miezi ya kusubiri mzigo huku dola ikipanda. Hasara zote hizo ameshazimeza mwenye gari. Yule jamaa wa milioni 9 alikuwa anatupa zawadi, sisi tukaona anatuibia.

Najua kuna atakayesema: hayo ni ya Ulaya, ambako fundi analipwa kwa saa. Kwetu ufundi ni rahisi, kwa hiyo kukarabati kunalipa. Ni kweli, lakini nusu. Ufundi wa bei rahisi sisi tumeulipia mara mbili. Fundi wetu wa kwanza alipachika vipande vya bati kwa ribiti, akapaka puti nene, akapiga rangi. Gari liling'aa! Masika moja tu, puti ikaanza kupasuka. Fundi wa pili alilipwa kuondoa kazi ya wa kwanza kabla hajaanza ya kwake.

Na hapo ndipo penye hatari ya kununua lililokamilika pia. Unaweza kununua rangi ukidhani umenunua gari. Kwa hiyo ukienda kuangalia, beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, uipitishe kwenye bodi. Pasiponasa, kuna puti. Inua mazulia. Inua kiti cha nyuma, angalia chini ya betri, na hapohapo katikati soma namba ya chesisi, uilinganishe na kadi ya gari. Omba picha zilizopigwa kabla ya rangi. Asiye na picha hata moja, kuwa naye makini.

Kuagiza nje? Afrika Kusini walizitengeneza hadi 1979, na usukani uko kulia kama wetu. Lakini Tanzania gari lililozidi miaka 10 linaongezewa kodi kwa ajili ya umri, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza lililozidi miaka 8. Ndiyo maana zilizo nzima humu ndani ni chache, na anayezitunza ana haki ya kutaja bei.

Msimamo wangu ni huu. Ukitaka gari la zamani la kuendesha, nunua lililokamilika, au nunua lenye bodi nzima hata kama injini imekufa. Injini inafufuka, bati lililooza halifufuki. Ukitaka kukarabati la baba yako, karabati, lakini usiseme unaokoa pesa. Sema unamkumbuka mzee, na mkubaliane mapema kumbukumbu hiyo ina kikomo cha shilingi ngapi. Sisi hatukukubaliana. Dada alichelewesha ada ya mwanawe kwa ajili ya bampa. Mimi na kaka siku hizi tunaongea kwa meseji.

Mwezi jana nilimuuliza mama kwa nini siku ile alinyamaza. Akasema, "Baba yenu hakuwa anapenda Volkswagen, mwanangu. Alikuwa anapenda kufika."

Nimeshamwandikia kaka: tumalizie sakafu, viti na breki, itembee. Rangi ibaki ileile iliyochujuka. Tumpeleke mama sokoni nayo, basi. Hajanijibu bado.

Ni mtazamo tu. Ungekuwa wewe, ungeacha wapi?