Fimbo yenye kiti: nani anakaa, nani anabeba?

Kuna kifaa kinauzwa kwenye maduka ya Ulaya ya vifaa vya kupanda milima ambacho ukikiona mara ya kwanza utacheka. Ni fimbo ya kutembelea, lakini ukiikunjua inageuka kiti. Unatembea nayo, ukichoka unakaa, unavuta pumzi, unainuka, unaendelea na safari. Haina betri, haina chaja, haihitaji vocha.

Mimi nilicheka, halafu nikaanza kujiuliza: hiki kitu kimetengenezwa kwa ajili ya nani hasa?

Kwanza tujue si kitu kipya. Waingereza walikuwa nazo tangu karne ya 19. Mabwana wenye mashamba walikwenda nazo kwenye mbio za farasi na kwenye kuwinda ndege. Ilikuwa na mguu mmoja tu, na mpini wake uligawanyika mara mbili kama mabawa ya kipepeo ndiyo ukawa kiti. Chini iliwekwa sahani ndogo ili isizame kwenye tope. Bwana anakaa pale anasubiri ndege warushwe, na pembeni yake mara nyingi kuna mtu mwingine, kasimama, kazi yake ni kumjazia bunduki risasi. Naomba huyo aliyesimama tusimsahau, tutamrudia.

Siku hizi zimekuwa nyepesi, nyingi ni za aluminiamu. Zipo za miguu mitatu ambazo zikifunguka zinakuwa kigoda chenye kipande cha turubai au ngozi. Zipo nyingine ambazo kiti kimelala ubavuni mwa fimbo, unakikunjua na kukaa huku umeshika mpini kwa mbele. Zote zinaitwa za "wapanda milima", na hapo ndipo mimi na wauzaji tunapoachana.

Tuchukue mlima tunaoujua, Kilimanjaro, mita 5,895. Njia ya Marangu unalala Mandara, kisha Horombo kwenye mita 3,720, kisha Kibo, halafu usiku wa manane ndiyo unaanza kupanda kwenda kileleni. Usiku ule hautaki kiti. Ni baridi kali, hewa ni kidogo, na ukikaa kwa muda mrefu mwili unapoa na usingizi unakuja. Waongozaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanamwinua mteja haraka na kumwambia pole pole, twende. Kinachomwokoa mtu pale ni mwendo wa taratibu.

Na kushuka je? Kutoka kileleni hadi Horombo unateremka zaidi ya mita 2,000 kwa siku moja. Hapo magoti yanaomba msaada, na msaada wenyewe ni fimbo mbili nyepesi zinazorefuka na kufupishwa. Kushuka unarefusha, kupanda unafupisha. Fimbo moja nzito yenye kiti haiwezi kazi hiyo. Nyingi hazibadiliki urefu, na zile zinazobadilika bado zina ule uzito wa kiti.

Haya, sasa mteja kainunua, kafika nayo Moshi, siku ya pili kaona inamchosha. Inakwenda wapi? Kwenye begi. Na begi linabebwa na nani? Mpagazi, au "mgumu" kama wenyewe wanavyoitana. Kuna kanuni ya kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi na mizani ipo getini, lakini mlima unapanda siku tano, sita, nane. Nusu kilo hapa, kilo moja pale. Kwenye njia za kulala mahema, kama Machame na Lemosho, wapagazi tayari wanabeba meza na viti vya kukunja ili mgeni akae vizuri wakati wa chakula. Yaani kiti kimeshapanda mlima kwa shingo ya mtu! Na huyo aliyekibeba anapumzika wapi? Juu ya jiwe, au juu ya ndoo aliyoigeuza.

Sisemi mgeni asikae. Kalipa, na fedha yake inalisha familia nyingi Marangu na Machame. Ila kama kuna mtu mlimani anahitaji kiti cha haraka kila baada ya nusu saa, huyo ni kijana mwenye kilo 20 kichwani, na hakuna tangazo hata moja la fimbo hizi lililomfikiria yeye. Ni yule yule wa kujaza bunduki, kabadilisha bara tu.

Lakini nisiitupe fimbo yote. Nadhani imeuzwa kwa mtu asiye wake. Mtu wake ni mzee.

Fikiria Lushoto. Kutoka mjini hadi kule Irente, unakoona tambarare ya Mazinde chini, ni kilomita kama sita hivi. Kijana anakwenda akipiga soga. Mama wa miaka 65 mwenye magoti mabovu naye anaweza kufika, mradi apate pa kukaa kila baada ya muda. Njiani hakuna mabenchi. Kwa hiyo anabaki hotelini analinda mabegi, wajukuu wanarudi na picha. Vivyo hivyo kwa anayetamani maporomoko ya Materuni au Morningside pale Morogoro. Tunawaimbia Watanzania watalii wa ndani kila mwaka, na tunamaanisha watu wenye miguu ya miaka 25.

Na tusiishie kwenye matembezi. Foleni ya benki siku ya pensheni. Foleni ya dirisha la dawa. Wazee wanasimama wameegemea ukuta. (Hata sisi waandishi tunaosubiri mheshimiwa afike saa tano kwenye shughuli iliyotangazwa saa tatu, tungezihitaji, ila hilo ni la siku nyingine.) Mzee mwenye mkongojo tayari kabeba fimbo. Kuiongezea kiti ni kumpa mapumziko bila kumwomba kijana yeyote ampishe.

Tatizo ni aibu. Mkongojo kwetu ni tangazo kwamba umezeeka, na wazee wengi wa mjini wako radhi waumwe magoti kuliko kuonekana nao. Hapo sisi vijana tunahusika, maana wanaocheka ni sisi.

Anayetaka kumnunulia mzazi, au kumpelekea fundi wa kuchomelea atengeneze, azingatie haya. Ile ya mguu mmoja haimfai mzee, maana lazima miguu yake miwili ifanye kazi ya kuisimamisha. Kigoda cha miguu mitatu ni imara zaidi, ila kisiwe kifupi: mwenye magoti mabovu hasumbuki kukaa, anasumbuka kuinuka. Kisifunguliwe kwenye mteremko. Na zile raba za chini zikilika zibadilishwe mapema, kwenye sakafu ya vigae chuma kitupu kinateleza kama sabuni.