Msindikizaji wa Mzazi ni Amana, si Cheo

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake.

Ndugu msomaji, mimba inapoingia mwezi wa nane, nyumba zetu za Tanga, Muheza na Pangani hushughulika. Kanga hukunjwa, nguo za mtoto hununuliwa, jina hutafutwa. Lakini swali moja huachwa hadi usiku wa uchungu: nani atakaa na mjamzito hospitali? Hapo mvutano huzuka. Mama mkwe huona ni haki yake, mama mzazi yuko mbali, wifi naye keshajifunga kanga. Asiyeulizwa ni mwenye uchungu.

Surat Maryam inatusimulia jinsi uchungu ulivyompeleka Bibi Maryam penye mtende akiwa peke yake, hata akatamani mauti. Hakukaripiwa kwa kauli ile. Aliliwazwa asihuzunike, akaoneshwa maji ya kunywa na tende za kula. Liwazo, maji na chakula: hiyo ndiyo kazi ya msindikizaji.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili. Mtoto wa kwanza aghalabu alizaliwa kwa wazazi wa mke, mkunga wa jadi na mashangazi wakiwa kitandani pake. Leo wengi wetu tunazalia hospitali, na hilo ni jema. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali ule wa 2015–16 ulikadiria 556. Lisilo jema ni kumwacha mlangoni yule wa kumliwaza. Mapitio ya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000, yaliyotolewa mwaka 2017, yalionesha kuwa wanaosindikizwa muda wote huelekea kuwa na uchungu mfupi zaidi na kupasuliwa mara chache zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mzazi awe na msindikizaji amtakaye. Hapa nchini, mpango wa namna hiyo ulijaribiwa katika vituo vya Kigoma kuanzia mwaka 2016, na wanawake waliosindikizwa walieleza kuridhika zaidi.

Basi achaguliwe nani?

Kwanza, awe chaguo la mjamzito mwenyewe. Mume amuulize faraghani, kisha yeye ndiye awafikishie wazee jibu kwa hekima. Mama mkwe asiyechaguliwa hajavunjiwa heshima; kumpokea mzazi na kumlea siku arubaini kunamngoja.

Pili, awe mtulivu. Anayesema "wenzio tulizaa saba bila kelele" abaki nyumbani, pamoja na anayesimulia waliokufa.

Tatu, awe mtunza siri. Katika uchungu sitara hupungua na maneno humtoka mtu. Yaliyoonekana wodini yasifike harusini. Kumsitiri Muislamu ni ibada.

Nne, ajue mipaka yake. Msindikizaji hupangusa jasho, husugua mgongo, huleta uji, humwita muuguzi, humkumbusha dua. Hampi mitishamba ya kuongeza uchungu. Dawa hizo zaweza kuukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi hata ukapasuka, na mtoto akakosa hewa. Mkunga wa jadi mwenye kukubali sharti hili aweza kuwa msindikizaji bora.

Tano, awe na nafasi na nguvu. Mwenye mtoto mchanga, au asiyeweza kuondoka usiku wa manane, atashindwa hata akiwa mpenzi wa roho.

Je, mume anaruhusiwa? Kisheria hakuna kizuizi baina yake na mkewe. Kizuizi ni wanawake wengine walio wodi moja naye. Vituo havifanani. Iwe hospitali ya Bombo au zahanati ya kijijini, ulizeni mapema, siku za kliniki, kama msindikizaji anaruhusiwa na kwa masharti gani.

Akibaki nje, mume ana wajibu mkubwa: nauli, watu wa kutoa damu, na zaidi ya yote, idhini aliyoitoa mapema. Mwanamke anayetokwa damu, anayeumwa kichwa kikali na kuona ukungu, au aliyeshikwa na degedege, hawezi kungoja simu ya mume aliye baharini. Msindikizaji aambiwe mbele ya familia kuwa ana ruhusa ya kuondoka na mgonjwa saa yoyote. Namba 115 ya usafiri wa dharura kwa wazazi hupigwa bure, iandikwe ukutani.

Ndugu zangu waume, swali hili ni la jioni ya leo. Muulizeni mkeo, msikilizeni, kisha lindeni chaguo lake.

Allah awajaalie mama zetu na wake zetu wajifungue kwa salama, na awape watoto wema. Amin.