Alama za Hisabati si Mapambo

Mwanafunzi wa kidato cha sita hupewa intigrali ya 3x² dx, naye hujibu x³ na kuweka kalamu chini. Katika hatua zake dx haionekani, na mwishoni C haipo. Akikatwa maksi hulalamika kwamba msahihishaji ana uchoyo. Malalamiko hayo hayana msingi.

Alama ya intigrali ilibuniwa na Mjerumani Leibniz mwaka 1675. Ni herufi S iliyorefushwa, kwa maana ya jumla. Kinachojumlishwa ni vipande vyembamba mno, ambavyo upana wake ni dx. Anayeiacha ni sawa na bwana shamba anayepima shamba la mahindi la Ufipa kwa urefu peke yake, kisha akatangaza ekari. Zaidi ya hayo, dx hutaja kinachobadilika. Intigrali ya ax dx ni ax²/2 + C, lakini ya ax da ni a²x/2 + C.

Ama kuhusu C, kijana wa Kabwe, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, hana sababu ya kuisahau. Boti mbili zikienda kaskazini kwa mwendo mmoja na kwa muda mmoja, moja kutoka Kabwe na nyingine kutoka Kipili, hazitafika mahali pamoja. Mwendo hueleza umbali uliosafiriwa. C hueleza safari ilikoanzia.

Kosa zito kuliko yote ni la mipaka. Tuchukue intigrali ya 2x(x² + 1)³ dx kutoka 0 hadi 2. Mwanafunzi huweka u badala ya x² + 1, akapata u³ du, lakini mipaka akaiacha ilivyokuwa. Jibu lake huwa 4. Mipaka ya u ni 1 na 5, na jibu sahihi ni 156.

Kwa hiyo haitoshi mwalimu kuhimiza kila siku, "Msisahau dx!" Aliyekaririshwa husahau; aliyeelezwa maana hukumbuka. Hapana budi kila alama ifundishwe pamoja na kazi yake, na daftari lisahihishwe hatua kwa hatua, si jibu peke yake. Kijana huyo ndiye mhandisi wa kesho, atakayekokotoa nguvu ya maji kwenye ukuta wa gati. Huko hakuna wa kumkata maksi. Kuna ukuta utakaobomoka.