Kifyatuo, Triga au Kipepeteo? Maoni Kuhusu Istilahi za Usomaji wa Data katika Fizikia ya Chembe

1.0 Utangulizi

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, mijadala yetu ya istilahi za sayansi aghalabu imeelemea swali la asili ya neno: je, litoholewe kutoka Kiingereza au liundwe kwa mizizi ya Kibantu? Katika maoni haya ninadai kwamba swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: kinachopewa jina kinafanya kazi gani? Mfano wangu ni usomaji wa data kwa kasi katika vigunduzi vya chembe, uwanja ambamo jina lisilofaa humpotosha mwanafunzi hata kabla hajaanza kukokotoa.

2.0 Kazi yenyewe

Katika kichapuzi kikubwa cha CERN, chenye mzingo wa kilometa 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mafungu ya protoni yanaweza kukutana kila baada ya nanosekunde 25, yaani hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Tukio moja katika kigunduzi cha CMS hutoa data ya kiasi cha megabaiti 1 hivi. Lau yote yangehifadhiwa, zingehitajika terabaiti 40 kila sekunde, mzigo usiobebeka. Kwa hiyo saketi za kielektroniki hupewa takriban mikrosekunde 4 kuamua, kwa kutazama sehemu tu ya taarifa, ni matukio gani yasomwe kikamilifu. Yanayopita hapo ni 100,000 hivi kwa sekunde. Kompyuta huyapima tena na kubakiza elfu chache tu. Yaliyokataliwa hayahifadhiwi popote.

Mfumo huo wa kuamua ndio unaoitwa trigger kwa Kiingereza. Tuuiteje sisi?

3.0 Majina matatu

Anayeanzia kwenye bunduki atapendekeza kifyatuo. Neno hilo lingefaa mwaka 1932, wakati Blackett na Occhialini walipofanya majaribio yao Cambridge: chembe ilipopita katika vihesabio vya Geiger, vihesabio hivyo vilikiendesha chumba cha wingu na picha ikapigwa. Hapo kifaa kilifyatua kweli. Leo hakuna kinachofyatuliwa. Migongano hutokea, iwe mfumo umeamua au haujaamua. Neno la Kiingereza limebeba kumbukumbu ya historia yake. Hatuna sababu ya kuirithi.

Wapo watakaosema tutohoe triga, ili mwanafunzi asipotee anaposoma marejeo ya kigeni. Hoja hii ina uzito. Protoni na elektroni tumezitohoa bila madhara, kwa kuwa ni majina ya vitu. Lakini hapa tunataja tendo, na kwa minyambuliko ya vitenzi Kiswahili si maskini hata kidogo. Kutohoa jina la tendo ni kumnyima mwanafunzi maelezo ambayo lugha yake ingempa bure.

Baki kitenzi. Kuteua hakufai sana, kwa sababu hudokeza mteule na kunyamaza juu ya waliosalia. Kuchuja kunakaribia zaidi, lakini machicha ya nazi hubaki mkononi, na mpishi huweza kuyakamua tena apate tui la pili. Mwanafizikia hana tui la pili. Kupepeta ndiko kunakosadifu: punje hubaki katika ungo, na makapi yakishachukuliwa na upepo hayarudi. Kwa kanuni ileile inayotupa kichujio kutoka chujia, pepetea hutupa kipepeteo. Mchakato ni upepetaji.

4.0 Mtihani wa istilahi

Istilahi nzuri hustahimili mabadiliko ya kifaa. Mwaka 2022 jaribio la LHCb lilianza kazi likiwa limeondoa hatua ya uamuzi iliyofanywa na maunzi. Sasa kigunduzi kizima husomwa kila mafungu yanapokutana, terabaiti 4 hivi kwa sekunde, na uamuzi hufanywa na programu. Tukitafsiri kwa kufuata Kiingereza, tutasema “usomaji usio na kifyatuo”, na msomaji atadhani kila kitu kimehifadhiwa. Sivyo. Upepetaji ungalipo, umehamia tu kwenye programu. Kipepeteo cha maunzi kimeondoka, kipepeteo cha programu kimebaki: sentensi hiyo haihitaji tanbihi.

Kuhusu usomaji wenyewe, sioni haja ya neno jipya. Katika enzi ya picha za chumba cha viputo, watu walizikagua kwa macho. Baada ya Charpak kubuni chemba ya nyaya nyingi mwaka 1968, kazi hiyo ilizidi kuhamia kwenye elektroniki. Nasi tunasoma mita ya maji bila kutatizika.

5.0 Hitimisho

Ninapendekeza kanuni moja: majina ya vitu yaweza kutoholewa, majina ya matendo yaundwe kwa vitenzi vyetu, baada ya mwanaisimu kuketi na mwanafizikia na kuuliza kifaa kinafanya nini. Hili si suala la ufasaha tu. Uvumbuzi kama ule wa bosoni ya Higgs, uliotangazwa tarehe 4 Julai 2012, ulitokana na matukio yaliyobaki katika ungo. Mwanafunzi anayejua kwamba kuna makapi atauliza ni nani aliyeamua kuwa ni makapi, na kwa kigezo gani. Anayeambiwa habari za kifyatuo hana sababu ya kuuliza.