Tusiwape Mabepari Silaha

Wapo ndugu wanaodai kwamba taifa letu hushindwa katika usuluhishi wa kimataifa kwa hila za Washington tu. Kweli, baraza lile lililo chini ya Benki ya Dunia halikubuniwa na wanyonge. Lakini tuikumbuke kesi ya maji ya Dar es Salaam. City Water ilishindwa kazi, na mwaka 2008 wasuluhishi waliiamuru iilipe DAWASA fidia. Washington nako, mwaka huohuo, Biwater haikupata hata senti moja. Hata hivyo, Serikali ilionekana imekiuka mkataba wake na Uingereza wa kulinda vitega uchumi. Kwa lipi? Kwa kutangaza mbele ya waandishi, kuzitwaa ofisi na kuwafukuza mameneja nchini mwaka 2005, taratibu za kuvunja mkataba zikiwa hazijakamilika. Basi tulijifunza? Leseni ya nikeli ya Ntaka Hill ilifutwa mwaka 2018. Mwaka 2024 tukakubali kulipa dola milioni 90. Hayo ni madawati, ni dawa! Afisa anayemfukuza bepari bila kuusoma mkataba hafanyi mapinduzi. Mwanasheria wa wizara na aione barua kabla haijatiwa sahihi, si baada ya hati ya mashitaka kuwasili.